Kabini ya Kadutu inayomsomea mama mesaji

Hii kabini ya kutolea pesa za simu iko pembeni ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, naisifu kwa moyo wote, mwenye mzazi Bukavu asome. Mimi niko Lubumbashi kikazi, kila mwisho wa mwezi namtumia mama makuta kwa simu. Mama hakukanyaga shule, aliuza ndagala, wale samaki wadogo, Kadutu miaka na miaka mpaka nikapata lisansi ya chuo kikuu, sasa aliyesoma yuko mbali na anayepokea hawezi kusoma hata mesaji ya kusema pesa imefika.

Kabini tuliyoanza nayo mtaa mwingine ilitutesa sana. Mama alikuwa anampa kijana wa pale simu pamoja na kode ya siri, siku moja nikatuma dola 100 akapewa 80 eti rezo ya simu imekata, yaya, dada yangu mkubwa, ndiye aliona ukweli alipofungua mesaji nyumbani. Niliumia kweli.

Hapa binti anasoma mesaji kwa sauti, mara Kiswahili mara Mashi, halafu anamrudishia mama simu abonyeze kode mwenyewe, maana namba mama anazijua vizuri, bei za ndagala zilimfundisha. Noti anamwekea moja moja kiganjani, kila moja anainua kwenye mwanga, ikiwa na kapasuko hata kadogo anabadilisha palepale, si unajua sokoni wataikataa. Mama anazifunga kwenye ncha ya kikwembe ndipo anaondoka.

Komisio ndiyo inauma, tangu banki zifungwe mwezi wa pili 2025 kesh ni ya kutafuta, kwa dola 100 wanakata 4 na kuna siku wanasema mama rudi kesho.

Na anayemshika mkono kwenye ile njia ya mteremko ni yaya. Watu wanasema mama ana bahati ana mtoto amesoma, lakini yaya aliachishwa darasa la tano kwa sababu pesa ya prime ya walimu, ile wazazi walikuwa wanalipa, ilitosha mtoto mmoja, ile shule ya msingi ya bure ya 2019 ilimkuta ameshazaa watatu. Yeye ndiye anamuogesha mama, anampikia, anamkesha akiugua. Kwa hiyo siku hizi natuma mara mbili, ya mama na ya yaya kwa namba yake, na binti wa kabini anawahudumia wote wawili bila kuwarudisha kwenye foleni.

Wanafungua saa mbili asubuhi, mpeleke mzazi mapema kabla kesh haijaisha.