Mapumziko ya Siku Mbili Kando ya Bandari ya Mtwara

Mama yangu, mzaliwa wa Nachingwea, aliwahi kupanda treni kwenda Mtwara akiwa mtoto wa miaka saba, muda mfupi kabla reli ile ya Kusini haijafungwa mwaka 1962, na kwa miaka mingi amekuwa akiniomba nimrudishe akaone mahali ambapo reli ilikutana na bahari. Mwezi uliopita nilimtimizia. Tuliondoka Lindi Ijumaa alasiri kwa Coaster, tukapita Mnazi Mmoja, na baada ya saa mbili na ushei tukaingia Mtwara, ambako tulilala usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale wanaofikiria kwenda kupumzika katika mji ule mwishoni mwa juma, hasa wenye wazazi wazee, kwa sababu niliuona mji kwa kufuata mwendo wa mtu wa miaka sabini na moja mwenye goti bovu, na mwendo huo hufichua mambo ambayo kijana mwenye haraka hayaoni.

Ni vyema mgeni ajue kwanza kwamba Mtwara haikukua polepole kuzunguka diko la majahazi kama miji mingine ya pwani yetu. Ilipangwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya mpango wao wa kulima karanga kwa wingi na kuzisafirisha ng'ambo, ulioanza mwaka 1947, na kina cha maji ya ghuba yake ndicho kilichoamua kila kitu. Hata makao makuu ya Jimbo la Kusini yakatuhama sisi watu wa Lindi yakaenda huko. Mpango wa karanga ulifutwa mwaka 1951, lakini bandari ilibaki, na leo korosho, saruji, makaa ya mawe ya Ruvuma na gesi ya Mnazi Bay ndivyo vinavyoleta wageni. Barabara ni pana, viwanja vimepimwa, majengo yameachiana nafasi, na upepo wa bahari unapita bila kuzuiwa. Anayekwenda akitarajia vichochoro na milango ya nakshi atavikosa. Anayependa mji wa kisasa uliotulia, wenye maji mbele yake, atapendezwa, na mimi nilipendezwa sana.

Tulifikia katika hoteli ya ghorofa iliyo kwenye mteremko kati ya bandari na mtaa wa Shangani, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina lawama nayo na sikuja kumharibia mtu riziki. Kwa chumba cha vitanda viwili tulilipa shilingi 110,000 kwa usiku mmoja pamoja na kifungua kinywa, na kijana wa mapokezi alitueleza kwamba bei hiyo ni ya mwisho wa juma tu, kwani wageni wa semina na wa makampuni huondoka Ijumaa. Nadhani hapo ndipo ilipo faida kubwa ya kupumzika katika mji wa kazi: vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wafanyabiashara vinabaki wazi siku mbili, na familia ya kawaida inavipata kwa bei inayovumilika. Chumba chenyewe kilikuwa safi kabisa. Kiyoyozi hakikupiga kelele, maji ya moto yalitoka asubuhi na usiku, chandarua hakikuwa na tundu hata moja, na nilipopiga simu kabla ya safari kueleza habari ya goti la mama, walitutengea chumba cha chini bila kuongeza bei. Mhudumu mmoja wa kike alikuwa akimwamkia mama kila alipopita, akimwita bibi, na siku ya pili alimletea kigoda cha kuwekea mguu bila kuombwa.

Lawama yangu inahusu mpangilio wa jengo. Upande unaotazama ghuba umepewa kumbi mbili za mikutano, na Jumamosi nzima kumbi hizo zilifungwa kwa kufuli, wakati sisi wageni wa mapumziko tulinywa chai katika chumba cha nyuma chenye madirisha yanayotazama maegesho ya magari. Mtu amesafiri zaidi ya kilomita mia moja kufuata bahari, amelipia chumba, halafu anaambiwa kwamba bahari ni ya wenye semina. Jambo hili liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilimwona mama akinyoosha shingo dirishani akitafuta maji.

Asubuhi ya Jumamosi tulichukua bajaji kwenda upande wa bandari. Mgeni asidhani kwamba ataingia getini kutembeatembea. Bandari ni eneo la kazi na la ulinzi, na ni haki iwe hivyo. Kutoka nje, palipo na mwanya kati ya majengo, lilionekana gati jipya lenye urefu wa mita 300 na meli moja kubwa iliyofunga hapo. Barabara ya kuelekea getini haifai kwa matembezi ya mzee: malori ya makaa ya mawe yamejipanga, vumbi jeusi limetanda pembezoni, na hapana kivuli. Mama alisimama akishikilia bega langu, akageuza uso huku na huku akitafuta reli, asiione. Alichokumbuka ni kwamba treni ilipiga honi kwa muda mrefu na kwamba baba yake alimnyanyua juu ili aone meli. Hatukukuta kibao chochote kinachomweleza mpita njia kwamba hapa palikuwa na reli. Hili si kosa la hoteli wala la mwenye bajaji, lakini mji unaotaka wageni wa mwisho wa juma ungefanya vyema kuiandika habari hiyo mahali, hata kwenye ubao mdogo.

Kisha tukaenda feri, na hapo ndipo safari yetu ilipopata maana. Kivuko kinachokwenda Msangamkuu hupokea watu, pikipiki, baiskeli, magunia ya mihogo na matenga ya samaki, na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na kile inachokupa. Mabaharia walipomwona mama anakuja taratibu, mmoja alishuka akampa mkono, akasema, "Shikamoo bibi, pole pole, hatukuachi," naye akaitika, "Marahaba mjukuu wangu." Kijana mwingine aliondoka kwenye kiti cha pembeni akampisha. Kwa dakika chache tulizokuwa majini, ghuba yote ilifunguka mbele yetu: cheche za jua juu ya maji, mitumbwi ya ngalawa ikitoka, majengo ya mji kwa nyuma, na meli ile ambayo nje ya geti tulikuwa tumeiona kipande tu sasa ikaonekana mzima mzima, kuanzia omo hadi tezi. Mama alisema kwamba hivi ndivyo alivyoiona kutoka juu ya mabega ya baba yake. Tulifika ng'ambo, tukakaa chini ya minazi kwa muda wa saa nzima, tukarudi na kivuko kilekile. Ningemshauri kila mgeni afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote, na afanye asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Kwa upande wa chakula, sitamaliza maneno. Chakula cha jioni cha hotelini Ijumaa kilichukua saa moja na nusu kufika, kuku akiwa mkavu. Lakini mchana wa Jumamosi, kwa akina mama wanaokaanga samaki karibu na feri, tulikula changu aliyetolewa majini alfajiri, ugali wa muhogo na kachumbari yenye ndimu nyingi, sote wawili kwa fedha isiyofikia nusu ya ile ya kuku wa hotelini. Benchi lao lilikuwa la mbao tupu, chini ya turubai, lakini lilitazama maji. Njiani tukanunua ming'oko iliyochemshwa, yaani viazi vya porini, chakula ambacho mtu wa Kusini hawezi kukipita, pamoja na korosho zilizobanguliwa. Anayekwenda kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, ajiandae kukuta mji umechangamka zaidi na vyumba vimekuwa adimu; mapumziko ya utulivu yanafaa kabla ya hapo.

Jioni tulitembea Shangani, mwendo mfupi tu. Ni mtaa wenye nyumba za zamani za maofisa, miti mikubwa na ufukwe ambao watoto huchezea mpira maji yanapokupwa. Pana vibanda vya vinywaji vyenye viti, muziki si wa kuchosha, na usalama tuliuona wa kutosha kwa muda wote tuliokuwepo. Nilichokikosa ni taa kwenye njia ya kuteremkia ufukweni, kwa sababu giza lilipoingia ilinibidi nimmulikie mama kwa simu.

Mikindani, iliyo kilomita kama kumi kutoka mjini, tuliiacha kwa safari nyingine yenye nafasi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu ya kilima, na goti la mama lisingeruhusu. Tuliliona kutoka kwenye Coaster wakati wa kurudi, nalo linastahili siku yake.

Usiku wa Jumamosi nilikwenda kwa meneja wa hoteli, nikamweleza kwa heshima habari ya ukumbi uliofungwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba hakuna mgeni aliyewahi kumwomba jambo hilo, akaandika kitu kwenye daftari lake. Jumapili saa moja asubuhi, yule mhudumu aliyekuwa akimwita mama bibi alitugongea mlango, akatuongoza hadi ukumbini. Kufuli lilikuwa limetolewa, pazia limevutwa, na meza moja yenye viti viwili imesogezwa hadi dirishani. Mama alikunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa akiitazama meli ikisubiri kutoka, na sikumharakisha, ingawa Coaster ya saa mbili ilituacha.