Tahadhari: Msuli wa Bega Unauzwa kwa Jina la Fileti

Ndugu wanunuzi wa nyama hapa Dar es Salaam, nawatahadharisha kuhusu muuzaji anayepokea oda kwa simu na kutuma nyama kwa bodaboda, ambaye wiki iliyopita aliniuzia kilo 3 za fileti zilizokwisha kukatwa vipande, kwa bei inayokaribia mara mbili ya steki ya kawaida ya buchani. Nilikuwa nimeichagua fileti makusudi kwa ajili ya mama mkwe wangu, ambaye meno yake yamedhoofika. Alishindwa kuitafuna.

Nilipochunguza vipande vibichi vilivyobaki, niliona katikati ya kila kimoja ukano mweupe, mnene na mgumu. Fileti haina ukano wa namna hiyo. Ni msuli uliolala kwa ndani, chini ya uti wa mgongo upande wa kiunoni, na kwa kuwa ng'ombe hautumii sana anapotembea, hubaki laini. Utando wake unaong'aa uko kwa nje, na mkata nyama hodari huuondoa kwa kisu. Ng'ombe mmoja ana fileti 2 tu, kwa hiyo muuzaji mdogo asiyeishiwa nazo hata siku moja anastahili kutiliwa shaka.

Nilichouziwa ni msuli wa bega, ambao kwa umbo lake lililochongoka hufanana na fileti. Wengine hutumia msuli mrefu wa mviringo wa nyuma ya paja, na huo ni mgumu zaidi kuutambua kwa sababu hauna ukano katikati. Lakini unene wake karibu unalingana mwanzo hadi mwisho, ilhali fileti ina kichwa kinene na mkia mwembamba, na nyuzi zake ni nyororo kuliko za paja. Misuli yote miwili ni chakula kizuri ikichemshwa taratibu kwa saa 2 au zaidi, ila haifai kukaangwa kwa dakika chache wala kuuzwa kwa bei ile.

Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwamba steki yote ni fileti. Si kweli, kwa maana buchani kwetu steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa, iwe ya paja, ya bega au ya mgongoni. Tangu hapo hapokei simu zangu.

Tafadhali dai kuiona fileti ikiwa nzima kabla haijakatwa, ulipe baada ya kuipokea, na uhakikishe risiti imetaja fileti, kwa sababu yangu iliandikwa “nyama” tu na sasa sina cha kumwonyesha.