Tiketi za Burj Khalifa kwa mpangilio: ipi inakuepusha na foleni

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Dubai huwa na siku chache, mzigo wa kufuatilia kwa wakala, na simu zisizokoma kutoka nyumbani. Akipata nusu siku ya kupumua, mara nyingi anataka kupanda Burj Khalifa, na nusu siku hiyo inaweza kumalizikia kwenye foleni. Ipo ya kaunta, ipo ya ukaguzi, ipo ya lifti ya kupanda, na ipo nyingine ambayo wageni hawaitegemei kabisa: ya lifti ya kushuka. Sehemu kubwa ya usumbufu huu unaweza kuukwepa ukiwa bado nyumbani, kwa kuchagua saa. Matangazo yote yanakuvuta kwenye ghorofa, ghorofa ya ngapi na mita ngapi. Mimi nasema chagua saa kwanza, ghorofa baadaye.

Jengo lenyewe lina urefu wa mita 828 na lilifunguliwa tarehe 4 Januari 2010. Tiketi za kupanda zinauzwa kwa jina la At the Top na ziko za aina mbili kuu. Moja inakufikisha ghorofa ya 124 na ya 125, kama mita 450 kutoka chini. Nyingine, inayoitwa SKY, inakupeleka ya 148, mita 555. Kila tiketi ina tarehe na saa ya kuingia, na bei inapanda kadiri saa hiyo inavyokaribia machweo. Kuhesabu gharama ni rahisi, maana dirhamu imefungwa kwenye dola: dola moja ni dirhamu 3.67, kwa hiyo dirhamu 100 ni kama dola 27.

Kabla sijazipanga, nataka tuelewane kuhusu saa, kwa sababu hapa tiketi huharibika kirahisi. Tiketi inaandikwa kwa saa 24. Ukiona 17:30, hiyo ni saa kumi na moja na nusu jioni. Ukiona 08:30, ni saa mbili na nusu asubuhi. Halafu Dubai iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa moja, na saa unayochagua kwenye mtandao ni ya Dubai hata kama umekaa sebuleni kwako Mbezi. Andika kwenye karatasi muda huo kwa namna unayoisoma wewe, mwonyeshe na mwenzako, ndipo ulipe. Tiketi ikishapita muda wake usitegemee kurudishiwa pesa.

Ya kwanza: ghorofa ya 124 na 125, asubuhi au usiku, kwa kununua mapema mtandaoni

Hii ndiyo ningemshauri mtu tisa kati ya kumi. Bei yake kwa mtu mzima huwa kati ya dirhamu 150 na 200 hivi, na watoto wana bei yao ya chini. Unainunua kwenye tovuti rasmi ya jengo, unapokea msimbo wa kuonyesha kwenye simu, na kaunta huna haja nayo tena.

Asubuhi, saa za mwanzo baada ya kufunguliwa, ni wakati mtulivu kuliko wote. Mabasi ya watalii hayajamwaga watu bado, na waliokwenda kulala alfajiri hawajaamka. Lifti inakwenda mita 10 kwa sekunde na kukufikisha juu kwa takriban dakika moja. Masikio yataziba kidogo, meza mate. Kule juu unaiona barabara ya Sheikh Zayed imenyooka kati ya majengo, bahari upande mmoja na jangwa upande wa pili, na unaelewa mji huu umekaa wapi hasa. Ghorofa ya 124 ina sehemu ya nje yenye vioo virefu vilivyoachiwa nafasi katikati, unaweza kupitisha simu na kupiga picha bila mwanga wa kioo kukuharibia.

Usiku, kuanzia kama saa tatu, umati uliokuja kwa ajili ya machweo umeshashuka. Mandhari yanabadilika kabisa, taa tupu kila upande, na ukibahatika unaitazama chemchemi ya Dubai, maji yanayorushwa juu kwa muziki, ikicheza chini yako. Kwa anayeshinda Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, akifunga biashara hadi jioni, saa hizi zinamfaa kuliko zote. Jambo moja la picha: usiku kioo kinarudisha sura yako mwenyewe, kwa hiyo gusisha simu kwenye kioo au toka sehemu ya nje.

Miezi nayo ina neno. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ni safi zaidi, ingawa baadhi ya asubuhi za Januari na Februari ukungu hutanda hadi hapaonekani kitu. Juni hadi Septemba joto linapita nyuzi 40 na vumbi linafunika upeo wa macho. Hapo usiku ndio unakuokoa, kwa sababu taa zinapenya pale ambapo mchana ungeona weupe mtupu.

Ya pili: SKY, ghorofa ya 148

Ni ghali, karibu dirhamu 400 na kuendelea, yaani zaidi ya dola 100 kwa mtu mmoja. Bado naiweka ya pili, na sababu si zile mita za ziada. Watu wanaopandishwa kwa tiketi hii ni wachache kwa wakati mmoja, wanapokewa kwa kahawa ya Kiarabu na tende, wana wenyeji wao wa kuwaongoza, na hawachanganywi na foleni kubwa. Ukishamaliza juu, unateremshwa 125 na 124 nazo ukazione.

Kwa hiyo ikiwa umempeleka mama au baba mwenye magoti ya kuuma, au mjamzito, au mtu ambaye kusimama saa nzima ni mateso, lipia hii na usione uchungu. Mzazi aliyekulea hastahili kufika juu amechoka hadi hana hamu ya kutazama dirishani. Lakini kwa kijana mwenye miguu mizima, pesa hiyo ya ziada ni bora akanunue zawadi za kurudi nazo.

Ya tatu: 124 na 125 saa za machweo

Hapa najua wengi watanibishia, kwa kuwa picha zote nzuri za mitandaoni ni za jua likizama. Machweo kule juu ni mazuri kweli, sitakataa. Shida ni kwamba unalipa zaidi, mara nyingi dirhamu 250 au zaidi, ili upate nafasi finyu zaidi. Waliopanda alasiri hawashuki, wanasubiri jua. Wanaokata tiketi za jioni wanaongezeka juu yao. Likishazama tu, wote wanageukia lifti za kushuka kwa pamoja, na huko ndiko kwenye ile foleni niliyoitaja mwanzo, ambayo tiketi ya bei yoyote ya kawaida haikuondolei.

Ukiitaka hata hivyo, panga hivi. Jua la Dubai linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni mwanzoni mwa Desemba, na kama saa moja na dakika kumi mwishoni mwa Juni. Chukua nafasi ya kuingia saa moja na nusu hivi kabla ya hapo, kwa sababu ukaguzi na lifti vitakula sehemu ya muda huo. Jua likizama, usikimbilie kushuka. Tulia, zitazame taa zinavyowaka moja moja, mwache umati utangulie.

Kwa Waislamu wanaopanda katika Ramadhani, kuna jambo linalofurahisha. Kwa mtu aliye juu sana jua linachelewa kuzama, na mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai walielekeza kwamba wakazi wa Burj Khalifa walio juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ya 150 wangoje tatu. Ukiwa ghorofa ya 124, basi, usifungue tende zako kwa adhana ya chini. Saa za kufungua na kufunga nazo hubadilika mwezi huo, zihakikishe kwenye tovuti.

Ya nne: tiketi ya kuruka foleni

Inauzwa kwa bei ya juu na inakupa njia ya mbele. Mtu pekee ninayemwona anaihitaji ni yule aliyesimama Dubai kwa saa chache tu akiunganisha ndege, ambaye hakuweza kupanga mapema na lazima apande jioni. Ukaguzi wa usalama unapitia kama wengine wote. Na ukiinunua kwa ajili ya asubuhi ya siku ya kazi, umelipia kuruka foleni ambayo huenda hata haipo.

Ya tano: kupitia hoteli, kampuni ya matembezi au mtu wa kati

Kampuni za matembezi zenye leseni zinauza tiketi halali, na wakati mwingine kifurushi chenye usafiri kinamfaa mwenye familia kubwa. Ila uliza maswali matatu kabla hujatoa kadi: ni ghorofa gani, ni saa ngapi, na je, tiketi inakuja kwa jina lipi. Vifurushi vya bei ya kutupa mara nyingi vinakupa saa wanayotaka wao. Anayekufuata barabarani akiwa na tiketi kwenye simu yake, mpite, hata kama anakusalimia kwa Kiswahili kizuri.

Tatizo la malipo ndilo linalowasukuma wengi kwa watu wa kati, na siku hizi lina dawa. Kadi ya Visa au Mastercard ya benki inafanya kazi, mradi uiombe benki ikufungulie manunuzi ya mtandaoni kabla ya safari. Kwa walio Kenya, M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni kwenye simu. Ndugu au rafiki anayeishi Ghuba naye anaweza kukukatia, unamrudishia mkononi ukifika.

Ya mwisho: kaunta, siku hiyohiyo

Sina cha kuitetea. Miaka ya mwanzo aliyeweka nafasi mapema alilipa dirhamu 100 na aliyetaka kuingia papo hapo akalipa 400, na tangu hapo mfumo umebaki kumpendelea aliyejipanga. Saa nzuri zinaweza kuwa zimekwisha, na utakuwa umesimama kwenye foleni ili kuambiwa hivyo. Jumamosi na Jumapili, ambazo ndizo mapumziko ya wiki huko tangu 2022, sikukuu za Idi na siku za mwisho wa Desemba, usijaribu kabisa.

Kama bei zote hizi hazikukai, usijione umekosa Dubai. Dubai Frame, jengo la umbo la fremu ya picha katika bustani ya Zabeel, ina mita 150 tu, lakini kiingilio chake ni karibu dirhamu 50, foleni ni fupi, na inakuonyesha Deira na mji wa zamani upande mmoja na majengo mapya upande wa pili, Burj Khalifa yenyewe ikiwemo. Mimi naona kwa picha ni bora, kwani ukiwa ndani ya Burj Khalifa huwezi kuiona Burj Khalifa. Na chemchemi inatazamwa bure kutoka kando ya ziwa nyuma ya Dubai Mall, kila nusu saa jioni.

Siku yenyewe, safari ya kutoka Deira ihesabie muda wa kutosha. Ukipanda metro Baniyas Square au Al Ras uko kwenye njia ya kijani. Badilisha Union uingie njia nyekundu, ushuke Burj Khalifa/Dubai Mall. Wanaume waangalie maandishi ya behewa la wanawake na watoto, faini yake ni dirhamu 100. Kutoka kituoni kuna daraja refu la watembea kwa miguu hadi ndani ya Dubai Mall, kisha unashuka hadi ghorofa ya chini ulipo mlango wa At the Top. Kwa mgeni, kutoka kwenye treni hadi mlangoni ni nusu saa, na ukisimama kutazama maduka ni zaidi. Mabegi makubwa yaache hotelini, hayaruhusiwi kupanda. Mwanzoni utapigwa picha na watu wa jengo. Kupigwa ni bure, kuichukua ndiyo ghali, na unaruhusiwa kukataa. Na aliyechagua usiku akumbuke kwamba siku za kawaida treni za mwisho ni karibu saa sita. Ukiwa na watoto waliosinzia, chukua teksi kwenye kituo cha Dubai Mall.