Schonstedt GA-52Cx kwenye viwanja vya zamani vya jeshi jangwani: sikio zuri, kumbukumbu hakuna

Ni fimbo ya njano yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 1 na uzito wa kilo 1 na ushei. Anayeiona mara ya kwanza huuliza ile sahani ya duara ya mwishoni iko wapi. Haipo, na kosa la wanunuzi wengi linaanzia hapo: wanadhani GA-52Cx ni kigunduzi cha metali kama vingine, kumbe ni kipima sumaku. Kinasikia chuma na feleji peke yake. Ukikilundikia shaba, alumini au dhahabu mbele yake, kitakaa kimya.

Tathmini hii inakihukumu kwa kazi moja tu, yaani kutafuta mabomu na makombora yasiyolipuka kwenye ardhi kavu iliyowahi kuwa uwanja wa mazoezi ya jeshi. Mfano ni majangwa ya Mojave na Sonora, huko California na Arizona, ambako Jenerali Patton wa jeshi la Marekani alianzisha Desert Training Center, kituo cha mazoezi ya vita vya jangwani, mwaka 1942. Kituo kilifungwa 1944, wanajeshi wakaondoka, na vilivyokataa kulipuka vikabaki mchangani. Kusini zaidi, ndani ya hifadhi ya Anza-Borrego, eneo liitwalo Carrizo Impact Area limefungwa kwa umma kwa sababu hiyohiyo.

Jangwa lina tabia zake. Mvua moja ya ghafla ikishuka korongoni huchimbua kombora na kulisukuma mbali na lilipoangukia, kwa hiyo eneo lililokaguliwa mwaka jana si lazima liwe lilelile mwaka huu. Jua nalo hubabua rangi, hata buluu inayotambulisha silaha za mazoezi isisomeke tena. Tena neno "mazoezi" lisimdanganye mtu. Bomu la M38A2, la ratili 100, ni bati lililojazwa mchanga, lakini lina chaji ya baruti nyeusi ya kutoa moshi ili rubani aone alipopiga. Baruti hiyo inatosha kumharibu mtu.

Ndani ya fimbo mna vihisi viwili vilivyoachana inchi 20, kama sentimita 51. Vyote vinasikia usumaku wa dunia kwa kiasi kilekile, na saketi inaufuta. Kinachobaki ni tofauti kati yao. Kukiwa na chuma karibu, kihisi cha chini kinaathirika zaidi ya cha juu, na mkoromo wa takribani hezi 40 unapanda hadi kuwa mlio mwembamba. Vya kurekebisha ni viwili, sauti na usikivu. Hakuna menyu wala mipangilio ya kusahau. Kwa mtu mwenye glavu, chini ya jua kali, huo ni uzuri mkubwa kuliko wauzaji wanavyoutangaza.

Kazi huanza na njia ya majaribio. Huzikwa vipande vya bomba la chuma vyenye vipimo vinavyojulikana (inchi 1 kwa 4, inchi 2 kwa 8, inchi 4 kwa 12) kwa kina kinachojulikana, na kila mtumiaji anaipita njia hiyo asubuhi na kifaa chake mwenyewe kabla ya kuingia uwanjani. Asiyesikia bomba analotakiwa kulisikia haingii. Kisha ardhi hugawanywa kwa kamba kuwa vichochoro vya mita 1.5. Ncha ya fimbo inapitishwa kushoto na kulia karibu na ardhi, bila kuigusa, na kila mpito ufunike sehemu ya mpito uliotangulia. Mlio ukipanda, simamisha fimbo wima na uipitishe polepole kwa alama ya X, juu ya mlio ulipo mkali zaidi.

Hapo ndipo uzoefu unapolipa. Chuma kilichosimama wima kinatoa kilele kimoja cha sauti, juu yake hasa. Chuma kilicholala kinatoa vilele viwili, kimoja kila mwisho, na katikati sauti inashuka. Asiyejua hili huweka bendera mbili na kuandika "vitu viwili", au mbaya zaidi, huweka bendera moja mwishoni mwa kombora lililolala, na fundi wa kuchimba akaja akaanza kuchimba pembeni akidhani yuko mbali nalo. Kabla ya kuchimba, mahali penye bendera pasomwe kwanza kwa fimbo. Fundi hukaribia kwa ubavuni, kwa mkono, udongo ukiondolewa kidogo kidogo, na kazi hiyo ni ya mtaalamu wa kutegua mabomu peke yake.

Makosa yanayorudiwa mara kwa mara ni ya kijinga kiasi cha kuudhi. La kwanza ni bendera zenyewe. Zile za bei rahisi zina kijiti cha waya wa chuma, kwa hiyo kila unapoweka alama unapanda shabaha mpya ya uongo. Nunua za plastiki au nyuzi za kioo. La pili ni viatu vyenye kinga ya chuma vidoleni, pamoja na visu na simu mifukoni. La tatu ni kuegesha gari karibu na kichochoro kisha kushangaa kifaa kinapiga kelele upande mmoja. Nyaya za umeme mkubwa na uzio wa seng'enge navyo vina usumbufu wao.

Usumbufu usiotibika ni wa jiolojia. Mawe meusi ya volkano, na ule mchanga mweusi wenye sumaku unaojikusanya kwenye makorongo makavu, huifanya fimbo iimbe bila kombora lolote kuwepo. Watumiaji hujibu kwa kushusha usikivu, na ukishusha usikivu umepunguza pia kina. Hakuna njia ya mkato hapa. Njia ya majaribio ipitwe upya kwa usikivu ule ulioshushwa, na kama bomba dogo limepotea, basi kifaa hiki hakifai kwa korongo hilo. Upepo nao hufunika sauti, sababu nyingine ya kuanza alfajiri mbali na joto.

Tuje kwenye udhaifu wa msingi. Viwanja vya mazoezi vina vitu vingi visivyo vya chuma: fyuzi (viwashio vya makombora) za alumini, baadhi ya guruneti za mazoezi za milimita 40, maganda ya risasi ya shaba ya njano. GA-52Cx haivioni. Kwa hivyo unahitaji kifaa kinachopuliza mawimbi ya umeme ardhini na kusoma mwitikio wa metali ya aina yoyote, kama EM61-MK2 ya Geonics, inayosukumwa kwa magurudumu ikiwa na koili ya mita 1 kwa nusu mita. Makadirio yanayotumika Marekani kwa kazi hiyo ni kwamba kitu huonekana hadi kina cha mara 11 ya kipenyo chake: milimita 37 kwa takribani sentimita 40, milimita 60 kwa sentimita 66. Ni makadirio, wala si ahadi.

Tena EM61 inarekodi. Kila hatua inabaki kwenye kompyuta pamoja na mahali ilipopimwa, na mkaguzi anaweza kuirudia miaka kumi baadaye. Fimbo ya njano haibakizi chochote. Mtu alipita, alisikia au hakusikia, alikuwa amechoka au hakuwa. Kilichosalia ni bendera zake. Ndiyo maana mwenye shamba akiletewa hati kwamba ardhi yake "imesafishwa" kwa fimbo na bendera pekee, aulize vipande vya majaribio vilizikwa vingapi kwa siri, na vingapi vilipatikana. Mkandarasi asiye na jibu la swali hilo hana kazi ya kukuonyesha. Mitambo ya kizazi kipya, kama MetalMapper, inakwenda mbele zaidi na kusaidia kutofautisha kombora zima na kipande kilichopasuka, jambo linalopunguza mashimo ya bure.

Wasomaji wa Morogoro watauliza kuhusu panya buku wa APOPO, shirika linalowafundisha panya kutafuta mabomu. Wao wananusa TNT, kilipuzi kilichomo ndani ya mabomu, na hawajali chuma chakavu, jambo ambalo fimbo hii haiwezi hata kidogo. Lakini kazi iliyowapa sifa hasa ni mabomu ya kutegwa ardhini, na hawakwambii ukubwa wa kitu wala kina chake.

Ambako GA-52Cx haina mpinzani kwa bei yake ni kukwepa. Mpima ardhi anataka kupigilia kigingi, mhandisi anataka kuchimba shimo la sampuli, au wasimika uzio wanataka nguzo 200. Mtaalamu anatangulia na fimbo, mahali panapoimba panaachwa, nguzo inasogezwa hatua mbili. Hakuna kinachochimbuliwa. Kwa shimo refu, kifaa cha aina hiyo kinachoshushwa shimoni husikiliza hatua kwa hatua kabla keekee haijaendelea. Kwa kazi hiyo tunakipa alama 9 kati ya 10. Kwa kuthibitisha kuwa ardhi ni safi, 3.

Kwa mtu binafsi anayetaka kukinunua akaokote vyuma chakavu kwenye viwanja vya zamani, alama ni sifuri. Kinakwambia chuma kipo. Hakikwambii ni chuma gani. Wafugaji wa Dol Dol na Archer's Post kule Kenya, ambako jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi, wanayajua madhara ya vilivyoachwa bila kulipuka, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5 kwa waathirika. Ukikutana na kitu cha kutilia shaka, usikiguse na usikirushie jiwe. Weka alama inayoonekana hapo ulipofikia, bila kukisogelea zaidi, rudi kwa nyayo zako ulizokujia, na simu ya kuwaita polisi au jeshi uipige ukiwa umeshakuwa mbali.