egui baada ya miezi minne: uzoefu wangu wa kutengeneza programu ya dirisha kwa Rust

Miaka yote ya kuandika lugha ya Rust mi nimeandika vitu vya teminali tu, unaandika amri unapata jibu, basi. Sasa nilikuwa na kijiprogramu changu cha kutafuta picha zilizojirudia kwenye diski, watu wa nyumbani wakakitaka, ila ukiwaonyesha ile skrini nyeusi wanarudi kinyumenyume, ikabidi nikitafutie dirisha na mabatani.

Laibrari ya kwanza niliyojaribu jina silisemi maana nusu ya kosa lilikuwa langu. Ni ile staili ya kolbeki, kila batani unaipa fanksheni yake ya kuitwa ikibofywa. Kwenye lugha nyingine hapo hamna shida, lakini Rust inataka data iwe na mtu mmoja tu wa kuibadilisha kwa wakati mmoja, na mimi nina mabatani sita yote yanaitaka orodha ileile ya picha. Basi unaanza kuvisha kila kitu Rc (inaruhusu data kuwa na wenyewe wengi) na RefCell (inahamisha ukaguzi wa nani anabadilisha hadi programu inapokimbia), kompaila, ile inayokagua na kutafsiri kodi, inanyamaza, unafurahi, kumbe ugomvi umeahirishwa tu. Siku hiyo nabofya "Futa", kolbeki yake imeshaishika orodha, inafuta maandishi kwenye kisanduku cha kutafutia, kisanduku nacho kina kolbeki yake inayotaka kuishika orodha hiyohiyo, programu ikadondoka hapohapo na ujumbe wa BorrowMutError. Jioni nzima ikaishia hapo.

Ndo nikahamia egui, laibrari nyingine ya Rust ya kutengeneza madirisha. Hii haina kolbeki kabisa: kila fremu (mchoro mmoja wa skrini) dirisha zima linachorwa upya na kodi yako, yaani maandishi ya programu, inauliza palepale, if ui.button("Futa").clicked(), imebofywa unafuta, haijabofywa unapita. Hakuna kinachobaki kimeshikilia data yako kati ya fremu na fremu, kwahiyo kompaila haina cha kugombana na wewe. RefCell nilizitoa zote, sitanii, na kitu kilichonitesa wiki mbili nikakiandika upya wikiendi moja. Mnaoogopa betri, ikikaa bila kuguswa na hakuna kinachocheza kwenye skrini haichori.

Sasa kasoro. Kwasababu kodi yako inakimbia ndani ya fremu, ukiweka humo kazi nzito dirisha linaganda. Mi nilikuwa nasoma picha humohumo, nilivyofungua folda kubwa mausi inatembea, dirisha limekufa. Nikapeleka kusoma kwenye thredi nyingine (kazi inayokimbia sambamba) inayorudisha majibu kwa chaneli, bomba la kupitishia data kati ya thredi, na hapo thredi ikimaliza lazima iite request_repaint, yaani iombe dirisha lichorwe upya, ukisahau majibu yameshafika ila huyaoni mpaka usogeze mausi, nikahangaika nikidhani chaneli ina bagi kumbe dirisha limelala tu. Orodha ndefu nazo tumia show_rows, inachora mistari inayoonekana peke yake, ila inataka yote iwe na kimo kimoja.

Kupanga vitu ndo kunanikera mpaka leo. Kuweka mabatani matatu katikati ya dirisha, kitu cha kitoto kabisa, kunasumbua maana egui inachora huku inasonga mbele, ikiwa kwenye batani ya kwanza haijui ya tatu itakuwa na upana gani. Na sura yake haifanani na ya Windows wala ya Mac, wenyewe wameandika wazi kwamba hilo sio lengo lao. Ukitaka programu ifanane na zingine kwenye mashine usianzie hapa, kwa Linux angalia gtk-rs, au jaribu Slint; iced nayo ina sura yake yenyewe, ila ni nzuri kama unapenda kila badiliko lipite mlango mmoja (System76, kampuni ya kompyuta za Linux, wamejengea COSMIC, mazingira yao ya desktop, juu ya iced, kwahiyo sio kitu cha kuchezea).

Mi nimebaki na egui. Faili moja tu nampa mtu anafungua, haibebi kivinjari kizima ndani kama programu za Electron. Nilimpa mdogo wangu, akatumia kama dakika mbili afu akaniuliza mbona "Futa" umeibandika ubavuni mwa "Fungua". Hiyo sio ya egui, hiyo yangu.