Hisa za kampuni za mikutano ya video: hesabu hisa kabla ya kuuliza bei

Mwaka 2021 nilinunua hisa 40 za kampuni moja ya programu za mikutano ya video. Jina silitaji, maana nikilitamka presha inapanda. Mapato yaliongezeka mwaka ule, yakaongezeka na uliofuata, na barua walizotuandikia wanahisa zilikuwa tamu kama maneno ya mshenga. Bei nayo ikawa inateremka tu. Nikadhani soko limewachoka. Siku nilipoifungua ripoti ya mwaka hadi kule nyuma, kwenye maandishi madogo, ndipo nikaelewa: mimi nilikuwa bado na hisa zangu 40, ila kampuni ilikuwa imetoa hisa mpya kibao na kuwagawia wafanyakazi wake. Kila mgeni aliyeingia, mchuzi wangu uliongezwa maji.

Kwa hiyo hapa, ninapozipanga kampuni hizi kwa mtu anayetaka kununua hisa, sipimi ung'avu wa picha wala idadi ya watu wanaoenea kwenye mkutano mmoja. Hayo yameandikwa kila mahali. Teknolojia yenyewe nayo haimlindi mtu tena. WebRTC, mfumo unaokuwezesha kurusha sauti na picha kutoka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, Google iliutoa bure mwaka 2011, na leo umo ndani ya Chrome, Firefox na Safari. Mtu akikuuzia hisa kwa hoja kwamba "teknolojia yao haina mfano", mwambie akuonyeshe ni ipi.

Mimi kwenye ripoti ya kampuni natafuta mistari miwili tu. Mmoja ni faida kwa hesabu za kawaida. Wa pili ni ile wanayoiita faida iliyorekebishwa, ambamo malipo ya hisa kwa wafanyakazi yanaondolewa kana kwamba si gharama. Chukua Zoom, mwaka wa fedha ulioishia Januari 2023. Faida ya uendeshaji kwa hesabu za kawaida: dola milioni 245. Iliyorekebishwa: dola bilioni 1.58. Kampuni ni hiyo hiyo, mwaka ni huo huo, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni hisa walizopewa wafanyakazi. Sina ugomvi na mfanyakazi kulipwa vizuri. Ugomvi wangu ni kuambiwa kwamba hakuna aliyelipa.

Sasa nani wa kwanza? Logitech, na mkisema nina mahaba nayo sitakataa. Hawa Waswisi wanauza kamera, maiki na spika za vyumba vya mikutano, na vifaa vyao vinafanya kazi na Teams, Zoom na Google Meet. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wanatoa gawio, yaani sehemu ya faida wanayopewa wanahisa, kila mwaka, na wanazinunua tena hisa zao kiasi kwamba idadi iliyobaki sokoni imekuwa ikipungua, yaani kipande chako kinanenepa bila wewe kuongeza hata senti. Kasoro ipo: fedha zao nyingi zinatokana na mausi, kibodi na vifaa vya michezo ya kompyuta, na watu waliporudi ofisini mauzo yalianguka kutoka kama dola bilioni 5.5 hadi 4.5 ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Hata hivyo bado nawapenda.

Zoom naiweka ya pili, kwa shingo upande. Iliingia sokoni Aprili 2019 kwa dola 36 kwa hisa, Oktoba 2020 ikavuka 550, kisha ikapoteza zaidi ya asilimia 85 ya bei hiyo. Ina akiba ya zaidi ya dola bilioni 7 na haina madeni ya mikopo, jambo ambalo wengi wangelitamani. Imeanza pia kununua hisa zake kwa mabilioni. Lakini kununua hisa huku unagawa nyingine ni kupiga deki chumba ambacho bomba lake bado linavuja. Angalia idadi ya hisa inayobaki mwishoni, si tangazo. Na ujue kuna hisa za daraja la B zenye kura kumi kila moja. Hiyo utakayonunua wewe ina moja.

Microsoft ni kampuni imara, ila ukiinunua hununui mikutano. Teams ni chumba kimoja katika jumba kubwa. Skype waliinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na Mei 2025 wakaizima, wala jumba halikutikisika. Cisco, wauza vifaa vya mitandao, vivyo hivyo: WebEx, programu yao ya mikutano, iliwagharimu dola bilioni 3.2 mwaka 2007, kisha mhandisi wao Eric Yuan akaondoka mwaka 2011 kwenda kuanzisha Zoom. Gawio lao la kila robo mwaka ni zuri kwa mwenye subira.

Za bei chee, kama 8x8? Nilisoma ripoti yao, nikaifunga.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Mwaka 2020 bei za hisa hizi zilipokuwa kileleni, kila programu ya udalali ilikuwa inanitumia arifa. Machi mwaka huo mamlaka ya masoko ya Marekani, SEC, ilibidi isimamishe biashara ya hisa za Zoom Technologies, kampuni nyingine kabisa iliyokuwa na alama ya sokoni ZOOM, kwa sababu watu walikuwa wanaichanganya na Zoom yenyewe, ambayo alama yake ni ZM. Halafu kuna hawa wanaotangaza "ada sifuri" huku wanakukata kimyakimya kwenye kubadilisha fedha.

Mwezi uliopita niliwaandikia madalali wanaonihudumia nikiomba kitu kimoja: idadi ya hisa za kampuni yangu mwaka hadi mwaka. Wakanitumia grafu ya bei. Nikauliza tena. Wakanitumia grafu ile ile, safari hii ya miaka mitano.