Nimeshinda Kutwa Uwanjani na Toyota 86: Mafunzo ya Kuendesha kwa Kasi, Yanafaa Pesa Yako?

Haya, karibuni tena watazamaji wangu. Leo bidhaa yetu haiwekwi mezani. Ni siku: siku moja ya mafunzo ya kuendesha gari la michezo kwa kasi, hapa hapa Mombasa, na gari lenyewe ndilo hili nyuma yangu, Toyota 86 ya gia za mkono. Kiingilio nimelipa mwenyewe, punguzo sikupewa. Waandaaji siwataji, maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu, na mji wetu huu mdogo, Ijumaa tutakutana msikitini.

Wenye haraka, jibu langu ni hili: masomo ya asubuhi yanafaa pesa yote. Ya mchana, wangenirudishia chenji ningeshukuru. Mkitaka kujua kwa nini, kaeni.

Kwenye gari sitakaa sana. Injini imetoka kwa Subaru, inaitwa FA20: silinda 4 zilizolazwa ubavu, lita 2.0, haina turbo ya kuisukumia hewa, inatoa nguvu ya farasi 200 ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika. Uzito wake unakaribia kilo 1,230, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Jina la 86 wamelirithi kwenye ile Corolla ya AE86 ya miaka ya 1980. Najua vijana wa Majengo wameshaanza kucheka, "farasi 200 tu?" Chekeni, lakini sikilizeni hii. Toyota walipolitoa gari hili mwaka 2012, toleo la GT walilivalisha tairi za Michelin Primacy HP, saizi 215/45 inchi 17. Hizo ni tairi za kistaarabu, za aina ambayo hata Prius imewahi kuvalishwa. Si ubahili. Walitaka gari lianze kuteleza mapema, kwenye mwendo ambao dereva wa kawaida bado ana akili timamu. Gari lenye mshiko mwingi mno hukunyamazia mpaka umefika kilomita 140 kwa saa, halafu likuambie yote kwa mpigo. Hili linaanza kulalamika ukiwa 50, na ukiwa 50 bado una nafasi ya kusikia.

Na pwani tuna bahati moja ambayo watu wa Nairobi hawana. Injini isiyo na turbo inategemea hewa inayoivuta yenyewe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini kama hii inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Hapa tuko usawa wa bahari, inavuta hewa nzito. Joto letu linapunguza kidogo, lakini bado tunawashinda. Kwa hiyo binamu yako akikwambia aliliendesha moja kule juu akaliona zito, mwambie ashuke.

Lawama yangu kwa injini: katikati ya mizunguko 3,500 na 4,500 inalegea. Unakanyaga mafuta, inakuangalia tu. Kisha inaamka tena na kupanda mpaka 7,400. Uwanjani unaizoea, unashusha gia moja basi. Ukitaka kupita lori la makontena pale Miritini ndipo utakapoitukana.

Sasa mafunzo. Mombasa hatuna saketi ya mbio ya kudumu, kwa hiyo watu hawa walikodi eneo la lami nje ya kisiwa, mahali palipozoea kuegeshwa malori, wakapanga koni. Lami yenyewe ina mchanga pembeni, ina viraka, na asubuhi ile upepo ulikuwa unauleta mchanga ndani taratibu. Mwalimu akauacha makusudi. Akasema barabara ya Malindi haifagiwi ukipita wewe.

Saa nzima ya kwanza gari halikuwashwa. Tulifundishwa kukaa. Unasogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi yote goti bado limekunjika kidogo, mgongo wote umegusa kiti, na ukinyoosha mkono mabega hayabanduki, kifundo cha mkono kikae juu ya usukani. Mikono saa tatu na saa tisa, na hapo nasema saa ya ukutani, msianze kubishana. Mwangalie dereva yeyote wa matatu leo jioni, amelala, mkono mmoja juu, mwingine nje ya dirisha. Akitakiwa kukata usukani ghafla, atakata robo tu ndipo mkono uishe.

Baada ya hapo, breki. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, hata kama mengine yote mtayaruka.

Zoezi ni jepesi kulieleza: unakimbiza mpaka 40, ukifika koni unakanyaga breki yote, bila huruma, na unabaki umekanyaga. Halafu unarudia ukiwa 80. Watu wengi pale walikuwa na leseni ya miaka na miaka, na hawajawahi kukanyaga breki mpaka mwisho. Mguu unaogopa. ABS ikianza kutetema chini ya wayo, wanaachia, wakidhani kitu kimevunjika. Kumbe ule mtetemo ndio kazi yenyewe: mtambo unaziachia na kuzibana breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasigande. Teknolojia hii Bosch na Mercedes waliiingiza kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1978, na mpaka leo bado tunafundishwa kupiga breki vidogovidogo kama gari la babu. Ukiwa na ABS, kanyaga, bakia hapo, na usukani bado ni wako. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwamba unaweza kukata huku unafunga breki. Tahadhari moja: kwenye mchanga au kokoto ABS inaweza kukupeleka mbali zaidi kabla hujasimama, na sisi mchanga tunao.

Sasa hesabu. Kwa lami kavu na tairi nzuri, kutoka 40 gari linasimama kwa takriban mita 7. Mwendo ukiwa mara mbili, 80, si mita 14. Ni takriban 28, maana nishati ya gari inapanda kwa mraba wa mwendo. Hiyo ni baada ya mguu kufika kwenye breki. Sekunde moja ya kushtuka tu, ukiwa 80, umeshakwenda mita 22. Na kuna hili ambalo mwalimu alilichora kwa chaki chini: magari mawili yanaanza kufunga breki kwenye koni moja, moja liko 40, jingine 80. Pale lile la 40 linaposimama kabisa, lile la 80 linapita likiwa bado na karibu 70. Karibu 70! Mtu anayevuka pale kwa la kwanza amepona, kwa la pili ni maiti. Na 80 ndiyo spidi ambayo vidhibiti mwendo vya matatu vimewekewa, toka zile kanuni za marehemu Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Sisi tunaichukulia 80 kuwa mwendo wa kulala usingizi.

Aliyefanya vizuri zoezi hili hakuwa mimi, wala wale vijana waliokuja na Impreza. Alikuwa mama mmoja wa Mtwapa, anaendesha Probox ya biashara yake ya samaki. Mwalimu akamwambia, "Mama, kanyaga kwa nguvu zako zote." Mama akamjibu, "Mwanangu, nguvu zangu zote utanunua pedali nyingine." Akakanyaga. Gari likasimama pua chini, na koni haikuguswa. Angalieni hapa kwenye picha, mwone jinsi bonati inavyoinama.

Ule mwinamo ndio somo lililofuata. Mvuta mkokoteni wa maji hapa Old Town analijua bila kufundishwa: akisimama ghafla, mitungi inamfuata mgongoni. Gari ni hivyo hivyo. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinapata mshiko, za nyuma zinapungukiwa. Ukikanyaga mafuta unarudi nyuma. Kila tairi inagusa lami kwa eneo la kiganja tu, na mshiko wa eneo hilo una kikomo. Ukiutumia wote kwa breki, hakuna uliobaki wa kukata kona. Ndiyo maana wanakufundisha umalize breki kubwa ukiwa umenyooka, kisha uiachie taratibu kadiri unavyoongeza usukani. Nilipolipata hilo, kona ile ile niliyokuwa naipigania ikawa laini. Sikuongeza mwendo hata kidogo.

Kisha maji. Walileta lori la maji wakalowesha duara, na kabla wenye mtaa hawajanishambulia, yalikuwa maji ya kisima cha chumvi, hayanyweki. Gari lilioshwa chini baadaye kwa maji matamu, niliuliza, maana chumvi na chuma mnajua.

Kwenye duara unajifunza kuteleza kwa aina mbili. Ya kwanza, unakata usukani lakini gari linakwenda moja kwa moja. Hiyo ndiyo yenu nyote wenye Vitz, Fit, Demio, magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Silika inasema ongeza usukani, na silika inadanganya. Punguza mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri tairi zishike. Ya pili, matako ya gari yanakimbia, na hapo 86 ni bingwa. Unaangalia unakotaka kwenda, mikono inafuata macho, usiruke juu ya breki. Mwalimu alilirudia mpaka likachosha: macho, macho, macho. Ukikodolea koni, utaigonga koni. Ukikodolea tuktuk, ndugu yangu, utaingia ndani ya tuktuk. Gari lilikuwa na kitufe cha VSC Sport (VSC ni kompyuta inayolizuia gari kuteleza) kinachokuachia uteleze kidogo kabla kompyuta haijaingilia, na nashukuru kwamba hawakuizima kabisa mpaka kila mtu amelielewa duara.

Tukasimama kwa adhuhuri, tukala pilau, pilau nzuri. Na baada ya pilau mambo yakalegea.

Mchana uliandikwa "mbio na drifti", yaani kulitelezesha gari makusudi. Mizunguko ya kasi ilikuwa mifupi, koni zimebanana, na watu wengi kwa gari moja. Nilikaa kivulini zaidi kuliko nilivyokaa kwenye usukani. Walieleza njia ya kona, kwamba uingie kutoka nje, ukaribie ndani, utoke nje tena, lakini kwenye eneo dogo vile hata hukuipata hisia yake. Drifti ndiyo ilikuwa picha za simu tu. Moshi, kelele, tairi za nyuma zikaisha. Hakuna aliyeondoka anajua kudrifti, na hakuna anayehitaji kujua ili afike Kilifi salama. Bora saa zile wangetupa breki ya dharura na kukwepa kwa pamoja, yaani kufunga breki huku unamzunguka aliyeingia barabarani, kwa sababu bodaboda ndivyo wanavyoingia.

Kitu kingine: habari ya tairi ilisemwa jioni, watu wamechoka, wakati ingesemwa asubuhi. Nendeni mkaangalie ubavuni mwa tairi zenu, penye maandishi ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za mtumba zinazouzwa zikiwa zimepakwa rangi nyeusi zing'ae, zisome kwanza. Hakuna mwalimu atakayekusimamisha kwa mita 28 na tairi iliyokauka kama hiyo.

Bei yake inakaribia tairi nne mpya za gari dogo. Kama tairi zako zimeisha, nunua tairi, mafunzo yatangoja. Kama tairi ni nzima na unaendesha barabara kuu kila wiki, nenda. Ila kabla hujatuma pesa waulize ni watu wangapi kwa gari moja, na gari likigonga nani analipa. Wakikwambia uje na gari lako, soma bima yako, maana bima nyingi za kawaida hazigusi hasara ya mbio au majaribio ya spidi. Na uliza kama unaweza kulipia asubuhi peke yake. Mimi niliuliza, wakasema watafikiria.

Gari je, ununue? Linakuja bandarini kutoka Japani, usukani wetu, na lisizidi miaka 8 kama mtumba mwingine wote. Viti vya nyuma ni vya kuwekea mkoba, na matuta ya Bamburi yatalikwaruza tumbo. Mwenye watoto wawili alipite.

Video ijayo narudi pale pale na Vitz ya dada yangu, na tairi zake zile zile, tuone kutoka 80 itasimama wapi. Dada bado sijamwambia.